Malkia Akiwafariji Wahanga Watatu

Ipo nchi, na wanaosema haipo wana sababu zao za kusema hivyo, ambayo serikali yake haikosei. Hilo si jambo la kubishaniwa. Limo kwenye katiba, ibara ya pili, mara tu baada ya ibara inayotaja rangi za bendera. Kwa hiyo bwawa la Mtokozi lilipopasuka asubuhi ya Jumatatu moja na maji yakaingia mjini yamebeba magari, ng'ombe na vitanda vya watu, serikali haikuwa imekosea. Bwawa lilijengwa na kampuni ya binamu yake Mume wa Malkia, kwa mchanga mwingi, saruji kidogo na hotuba nne. Yaliyokosea ni maji.

Walikufa watu arobaini na mmoja. Lakini fomu ya maafa ya nchi hiyo, iliyochapishwa zamani na watu wenye matumaini, ilikuwa na mistari mitatu tu ya kuandikia majina. Ofisa aliyetumwa aliijaza yote mitatu kwa mwandiko mzuri, akapiga mhuri, akarudi mji mkuu kabla chakula cha mchana hakijapoa. Thelathini na wanane waliobaki waliandikwa kwenye daftari jingine, la watu ambao "hawajarejea majumbani kwao". Kisheria, basi, walikuwa safarini.

Mmoja wa wasafiri hao alikuwa Mize, mshona nguo wa Mtokozi. Maji yalimchukua yeye na cherehani yake. Cherehani ilipatikana.

Mize alikuwa na kaka, Fundi Pandu, mtu wa miaka hamsini na ushei, mpiga lipu na mchoraji wa kuta. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake: kuchoma mawe ya chokaa, kuyazimua kwa maji, na kuiloweka chokaa shimoni miaka mitatu mpaka iwe laini mfano wa samli. Alichora maua na mizabibu kwenye kuta za misikiti, akiyachora lipu ikingali mbichi, na maua ya baba yake yalikuwa bado mekundu miaka sitini baadaye. Tangu siku ya maji Pandu alitaka jambo moja tu duniani, nalo ni kwamba Mize na wenzake waonekane mahali ambapo hakuna ofisa wa kuwafuta.

*

Sasa tumfikie Mume wa Malkia. Alikuwa mtu wa kutoka ng'ambo, mrefu, mwenye masharubu ya kusukwa, na kwa kuwa hakuwa na kazi yoyote alipewa kazi zote zilizobaki. Alikuwa Mlezi Mkuu wa Sanaa, Reli na Nyuki. Mwaka mmoja alikwenda ng'ambo kung'oa jino, akaonyeshwa picha iliyochorwa ukutani.

"Ina umri gani?" aliuliza.

"Miaka mia tano, Mtukufu."

"Zinauzwa wapi?"

Alipoelezwa kuwa haziuzwi, bali huchorwa palepale kwenye lipu mbichi, alirudi nyumbani na kuunda Tume ya Kuta. Tume ikatangaza kuwa ukuta wa mashariki wa Ukumbi mpya wa Bunge utachorwa picha itakayodumu kuliko Bunge lenyewe, na kwamba Malkia kwa hiari yake amechagua mada: "Malkia Akiwafariji Wahanga Watatu wa Mtokozi". Malkia hakuwahi kukanyaga Mtokozi. Siku ya maji alikuwa akifungua maonyesho ya keki.

Yakafanyika mashindano. Mshindi, kwa kura zote, akawa Mlezi mwenyewe. Ila mchoro wake ulikuwa na farasi tu, tena aliyeonekana ubavu mmoja, kwa hiyo aliyeshika nafasi ya pili, Fundi Pandu, akaajiriwa kuwa Msaidizi wa Mshindi, afanye yale madogo madogo yaliyosalia.

Aliitwa ofisini kwa Katibu wa Tume, Bwana Tindwa, mtu mnene mwenye kalamu tano mfukoni na wino kwenye moja.

"Eleza kazi yako kwa kifupi," Katibu alisema.

"Bwana Katibu, lipu mbichi inameza rangi. Chokaa ikikauka inaishika humohumo ndani, haitoki tena mpaka ukuta uvunjwe. Ila nina muda wa saa sita tu kila siku. Napiga kipande, nachora kipande. Kikikauka kabla sijakichora, nakibomoa, naanza upya."

"Saa sita za saa, au saa sita za serikali?"

"Za lipu, bwana. Lipu haina serikali."

Katibu aliandika maneno hayo yote pembeni, kwa matumizi ya baadaye. "Sawa. Kila kiungo cha Malkia kitaidhinishwa na Tume."

"Kabla sijachora au baada?"

"Wakati."

Pandu akauliza swali lililomleta. "Na watu walio nyuma ya Malkia, Bwana Katibu? Wale wahanga watatu watakuwa mbele. Lakini ukuta ni mpana."

"Hao ni mandhari. Weka wowote utakao. Mradi wawe wasafi."

Pandu alitoka mle ndani amejaa furaha. Alipanda lori hadi Mtokozi, akapita nyumba kwa nyumba akiomba picha za harusi, vitambulisho, chochote chenye uso. Mahali ambapo hapakuwa na picha aliketi na mjane au mzazi, akachora huku akirekebishwa: hapana, meno yake yalipishana kidogo, hapana, alikuwa akitabasamu upande mmoja. Alirudi na nyuso zote.

*

Mlezi alikuwa anaipenda sanaa, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Ilikuwapo desturi katika nchi hiyo kwamba mtu wa nyumba ya kifalme akiingia mahali, kila aliyemo anaweka chini alichoshika, anainua viganja vitupu, ananyamaza, wala hasogei mpaka mtukufu atoke. Desturi hiyo ilianza baada ya mtu mmoja kurusha chungwa. Na Mlezi alikuja kutazama uchoraji kila siku ya Mungu, kuanzia saa nne asubuhi, akifuatwa na mbeba kiti.

"Tazameni unyevu huu!" alikuwa akisema, akizungusha fimbo. "Unyevu ndio roho ya sanaa! Nilipokuwa ng'ambo niliwaambia wataalamu wao, mabwana, msikauke! Na hadi ninaondoka, hawakuwa wamekauka! Taifa linalokauka ni taifa gani? Ni taifa kavu!"

Wajumbe wa Tume waliokuwapo walishindwa kupiga makofi kwa kuwa viganja vilikuwa juu. Pandu naye alisimama kwenye jukwaa la miti, mwiko chini, brashi chini, akiitazama lipu ikipauka polepole mbele ya macho yake. Mlezi akiondoka, ilikuwa imekufa. Pandu aliibomoa kwa nyundo. Mwezi wa kwanza alibomoa vipande kumi na tisa, na Katibu akamweleza Mlezi kuwa ubomoaji huo ni mtindo.

Na vile viungo vya Malkia! Pua peke yake ilikaa mezani kwa Tume wiki kumi na moja. Mjumbe mmoja aliitaka nyembamba, mwingine alisema wembamba ni uchochezi, wa tatu alidai pua haiidhinishwi bila daktari. Ilipita kwa kura nne dhidi ya tatu, na wale watatu hawakuonekana tena kwenye Tume. Idhini ilipofika na mihuri yake, lipu ya kuipokea hiyo pua ilikuwa kavu kama jiwe la kusagia. Pandu aliwaeleza kuwa rangi ikipakwa juu ya lipu kavu haishiki, italala juu tu na itabanduka.

"Malkia habanduki," alisema Bwana Tindwa.

Basi Pandu akampaka Malkia wote, kuanzia taji hadi kiatu, kwa rangi ya gundi ya mayai juu ya ukuta mkavu, kama walivyotaka. Hakubishana tena. Alikuwa amegundua kuwa Mlezi anaamka saa tatu na kunywa chai hadi saa nne. Kwa hiyo yeye alikuwa anapanda jukwaani alfajiri, peke yake, anapiga kipande kimoja cha lipu mbichi, na kila kipande alichora mtu mmoja. Kila maiti wa Mtokozi alipata asubuhi yake nzima. Mize alimchora Alhamisi, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, jicho moja limefinywa kidogo kama alivyofanya akitunga uzi sindanoni. Alilia akichora, kwa sauti, na aliendelea kuchora kwa sababu lipu haingoji.

*

Picha ilizinduliwa kwa hotuba tisa. Mvua za masika zikafuata, unyevu ukaisukuma nje chumvi iliyomo ukutani, na Malkia akaanza kubanduka.

Ilianza pua. Ilidondoka wakati wa mjadala wa bajeti, ikatua kwenye kikombe cha Waziri wa Maji, naye kwa uzalendo wake akainywa. Likafuata sikio. Tume ilikutana kwa dharura na kumteua Pandu kuwa Mpokea Magamba, kazi yake kukaa chini ya ukuta na bakuli la fedha, kuokota kila kibanzi cha Malkia na kukihifadhi kwa heshima. Nyuma ya Malkia, mandhari haikubanduka hata ukucha. Wale watu walizidi kung'aa, kama chokaa nzuri inavyofanya ikizeeka, na kadiri Malkia alivyopukutika ndivyo wao walivyoonekana vizuri zaidi.

Ndipo mbunge wa Mtokozi aliposimama. Mheshimiwa huyu hakuwa amefika jimboni kwake tangu siku ya kuapishwa.

"Mheshimiwa Spika, naomba mwongozo wako! Yule pale, nyuma ya bega la Malkia, si Vuai muuza maandazi wa stendi? Na yule mama si ndiye aliyenishonea kanzu ya kampeni? Hawa walikuwa safarini! Wamerudi lini, na kwa nini mimi, mbunge wao, sikuarifiwa?"

Bunge zima liligeuka na kutazama. Mtu mmoja akaanza kuhesabu kwa kidole, akanyamaza ghafla alipofika nne.

Alasiri hiyohiyo Pandu alisimamishwa mbele ya Tume.

"Fundi, hawa ni nani?" Katibu aliuliza.

"Ni watu wa Mtokozi, Bwana Katibu. Walikufa na maji."

"Waliokufa ni watatu."

"Wahesabu ukutani, bwana. Ni arobaini na mmoja."

"Mimi sihesabu ukuta. Nahesabu fomu."

Mjumbe mmoja alipendekeza waletwe vijana na nyundo. Mwenzake alimkanyaga mguu. Kuinua chuma dhidi ya ukuta wenye sura ya Malkia ni uhaini, hata kama sura yenyewe imebaki kidevu. Pandu aliwatazama, na kwa mara ya kwanza tangu bwawa lipasuke alijiona ameshinda. Hawawezi kuwafuta. Ama wawavumilie ukutani milele, ama waseme hadharani kuwa walikufa.

Lakini Bwana Tindwa alikuwa anatabasamu. "Fundi, wewe mwenyewe uliniambia chokaa inawashika ndani na hawatoki tena. Nimeandika, hapa, pembeni. Kweli si kweli?"

"Nilisema rangi, Bwana Katibu."

"Daftari linasema hawajarejea. Na sasa wanaonekana Bungeni, mchana kweupe, pembeni ya Malkia, na mbunge wao amewatambua. Mtu anayetambuliwa na mbunge wake amerejea." Alifunga kalamu. "Mabwana, hawa watu wamepatikana."

Kama unatafuta neno la adabu la kumwelezea Bwana Tindwa, tafuta mwenyewe, mimi nimelikosa.

*

Barua zilitoka wiki hiyo, zote thelathini na nane. "Serikali ya Malkia inayo furaha kukujulisha kuwa ndugu yako amepatikana, mzima wa afya na mwenye uso wa shukrani, katika Ukumbi wa Bunge, ukuta wa mashariki. Madai yote yahusuyo kifo chake yamefungwa. Iwapo serikali ilikupa msaada wa sanda, tafadhali irudishe." Gazeti la Serikali lilichapisha majina yote kama raia hai. Mlezi alitangaza kuwa kwingine sanaa huburudisha, lakini chini ya ulezi wake inafufua. Pandu alivalishwa nishani ya Mrejesha Raia kwenye sherehe, akatoka, akarudi kwenye bakuli lake la magamba.

Siku ya ishirini baada ya barua, mchana, waheshimiwa wakiwa wamekwenda kula, Bi Somoe aliingia Ukumbini. Huyu ndiye mama yao Pandu na Mize, mtu mzima wa miaka sabini na saba, macho hayaoni vizuri. Walinzi walikuwa wameisoma barua yake wakampigia saluti. Alikuja na vitumbua kwenye kikapu na doti ya kanga mpya.

Pandu aliweka chini bakuli la magamba akamkimbilia. "Mama! Nani amekuleta?"

"Barua imenileta. Yuko wapi?"

"Mama, ile barua..."

"Nimekuuliza yuko wapi, Pandu."

Alimshika mkono akampeleka hadi chini ya ukuta. Bi Somoe aliinua uso, akayafinya macho, akatafuta, akamwona.

"Umempatia," alisema mwishowe. "Hata lile jicho."

"Nilitaka asipotee, mama."

"Najua, baba. Nami si mjinga, najua mwanangu amekufa. Nilimlilia, nikaweka matanga, nikatawanya nguo zake. Lakini ilipokuja hii karatasi yenye mhuri, mkono wangu ukaanza wenyewe kumwekea sahani. Siku ishirini naweka sahani, naitoa, naweka. Najiambia, Somoe, acha, na bado naweka. Mshushe. Mshushe nikamzike."

Pandu alisimama pale. Miaka miwili alikuwa ameishi kwa ajili ya kumpandisha Mize ukutani, na yule aliyemzaa ndiye anayesema ashushwe. Aliwachukia wote kwa mkupuo mmoja, Tume, Mlezi na masharubu yake, Waziri na kikombe chake, na zaidi ya wote alijichukia mwenyewe aliyewapa ukuta. Alichukua nyundo na tindo, akapanda jukwaa la miti lililobakishwa kwa kazi ya magamba.

Kipande cha siku moja kina mshono kinapokutana na kipande cha siku nyingine, na fundi anajua mishono yake. Aligonga kuzunguka ile Alhamisi, polepole. Ilitoka nzima, nzito kama sinia la mkate wa kusukuma. Alishuka nayo kifuani, Bi Somoe akaikunja ndani ya kanga.

Kelele za nyundo zilileta walinzi mbio. Wawili walimkaba Pandu, wa tatu alimnyooshea Bi Somoe mkono. Na hapohapo mlango mkubwa ukafunguka, Mlezi akaingia na mbeba kiti wake.

Kila mtu aliachia alichoshika. Viganja vikapanda juu. Walinzi wakaganda, Pandu akaganda, na Mlezi, alipoona watu wengi, akaanza kuhutubia juu ya unyevu. Bi Somoe hakujua desturi hiyo wala hakuuliza. Alimbeba mwanawe, akapita katikati ya viganja vyote vile, akampita Mlezi bila salamu, akatoka nje. Hotuba ilidumu saa moja na nusu. Ilipokwisha, alikuwa amekwisha kupanda lori. Mtokozi walimpokea kipande kwa mikono yao, wakakivika sanda, wakakiswalia, wakakizika. Hakuna aliyeuliza swali.

*

Pandu hakushtakiwa kwa kuvunja ukuta. Kusema ni ukuta kungekuwa kusema Gazeti la Serikali limekosea. Alishtakiwa kwa kumuua kwa makusudi Mize binti Khatibu, raia hai, ndani ya Ukumbi wa Bunge.

Wakili aliyepewa na serikali alimnong'oneza. "Kana. Sema ni lipu tu. Nitakutafutia miaka michache."

"Nikikana, wataandika kuwa yuko hai."

"Sasa wewe unataka nini?"

Pandu aliinuka kizimbani. "Nakiri, Mheshimiwa. Mize binti Khatibu amekufa. Naomba iandikwe."

Jaji alimtazama juu ya miwani. "Unajuta?"

"Najuta kwa ajili ya hao thelathini na saba waliobaki juu."

Alifungwa maisha. Na kwa kuwa hukumu ya mauaji haikamiliki bila cheti cha kifo cha marehemu, karani alilazimika kutoa kimoja, cha rangi ya bluu, chenye mihuri miwili, nakala ikapelekwa kwa mama mzazi.

Bi Somoe alifika nacho gerezani siku ya kutembelewa. Alikipitisha chini ya wavu. "Nisomee. Wajukuu wananisomea haraka haraka, sishiki kitu."

Pandu alikisoma. Jina, Mize binti Khatibu. Jinsia, mke. Kazi, mshona nguo. Mahali pa kifo, Ukumbi wa Bunge. Tarehe, ile ya mwezi uliopita. Chanzo cha kifo, nyundo na tindo. Aliyesababisha, kaka yake.

Mama yake alisikiliza, kichwa amekiinamisha, akingoja. Pandu alipomaliza, mama aliinua uso.

"Na bwawa?"

"Bwawa halimo, mama."

Bi Somoe alitia kidole kwenye tundu la wavu, akaigusa ile karatasi mkononi mwa mwanawe.

"Soma tena, baba. Huenda umeruka mstari."